UCHAGUZI WA CHOMBO CHA KUONGOZEA NJIA CHENYE SKRINI KUBWA
Maelezo kwa watumishi na wananchi wanaosafiri kwa gari Kasulu na Kibondo

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Visiwani ambao kazi, biashara au udugu huwapeleka Tanzania Bara wanaletewa maelezo haya kuhusu vyombo vya kuongozea njia kwa setilaiti, vinavyojulikana kwa ufupi kuwa ni GPS, na hasa vile vyenye skrini kubwa ambavyo siku hizi huuzwa kwa wingi madukani. Mfano uliochaguliwa ni wa Wilaya za Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, kwa sababu mazingira ya huko hudhihirisha upesi ni kipi katika vyombo hivyo kilicho cha lazima na ni kipi kilicho pambo.

Katika kisiwa cha Unguja, ambacho urefu wake ni kilomita zipatazo 85, dereva aliyepotea hufika pwani, au hukutana na mtu wa kumuuliza, kabla ya mafuta kumwishia. Kasulu na Kibondo si hivyo. Baina ya miji hiyo miwili pana zaidi ya kilomita 120 hata kwa mstari ulionyooka. Upande wa magharibi upo mpaka wa Burundi. Upande wa mashariki yapo mabonde ya Mto Malagarasi na Pori la Akiba la Moyowosi, ambamo mtu aweza kwenda saa nyingi bila ya kuona nyumba. Vijiji vimetawanyika katika vilima, njia za kuvifikia ni nyingi na zinafanana, na mvua zinazoanza mnamo Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei huharibu madaraja madogo na makalavati. Dereva anayepeleka chanjo, anayemfuata mama mwenye uchungu wa uzazi au anayechukua karatasi za mitihani hana nafasi ya kukosea njia kisha akarudi.

Kwa hiyo, jambo kuu linalosisitizwa katika maelezo haya ni hili: ukubwa wa skrini uwe ni jambo la mwisho kuangaliwa na mnunuzi, wala usiwe la kwanza. La kwanza ni ramani iliyomo ndani ya chombo. La pili ni namna mahali panavyotajwa na kuandikwa. La tatu ni umeme na ufungaji. Mambo hayo matatu yakishatimia, hapo skrini kubwa huwa na manufaa ya kweli.

1. NAMNA CHOMBO KINAVYOFANYA KAZI

GPS ni mfumo wa setilaiti wa Marekani ulioanza kutayarishwa mwaka 1973 kwa mahitaji ya kijeshi. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo ukatangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Setilaiti hizo huzunguka dunia zikiwa umbali wa kilomita zipatazo 20,200 kutoka ardhini, na kila moja huizunguka mara mbili kwa siku huku ikitangaza saa yake na mahali ilipo. Chombo kilichomo ndani ya gari hupokea matangazo hayo, hupima muda uliotumika mpaka yakafika, na kwa kutumia setilaiti 4 au zaidi hukokotoa mahali gari ilipo.

Hadi mwaka 2000 ishara waliyopewa raia ilikuwa ikipunguzwa usahihi kwa makusudi, na chombo kiliweza kukosea kwa kiasi cha mita 100. Upunguzaji huo uliondolewa mwezi Mei mwaka 2000 kwa amri ya Rais Bill Clinton, na leo chombo cha kawaida, kikiwa mahali pa wazi, hukosea kwa mita chache tu. Aidha, ipo mifumo mingine ya namna hiyo: GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya China. Chombo kinachopokea mifumo miwili au zaidi hupata mahali upesi zaidi katika mabonde na chini ya miti mikubwa, ambako sehemu ya anga huwa imezibwa.

Kutokana na maelezo hayo, mambo mawili ni lazima yaeleweke. Kwanza, ishara za setilaiti ni za bure. Hazihitaji kadi ya simu wala vocha, na hupatikana hata pale ambapo mtandao wa simu haupo. Pili, setilaiti humwambia dereva mahali alipo tu. Hazijui barabara, hazijui kijiji, wala hazijui kuwa daraja limechukuliwa na maji. Hayo yote hutoka katika ramani iliyohifadhiwa ndani ya chombo. Mtu akisema kuwa amepotezwa na GPS, mara nyingi aliyempoteza ni ramani.

Vile vile inafaa kutofautisha chombo cha kuongozea njia na chombo cha kufuatilia gari. Kile kinachofungwa katika mabasi ya mikoani chini ya usimamizi wa LATRA ni cha kufuatilia: humpa msimamizi taarifa za mwendo wa basi na mahali lilipo, lakini hakimwongozi dereva. Ofisi ambayo gari zake zina chombo cha kufuatilia isidhani kuwa madereva wake tayari wana cha kuongozea njia.

2. RAMANI KABLA YA SKRINI

Vyombo vilivyopo sokoni ni vya aina tatu. Aina ya kwanza ni chombo cha peke yake kilichotengenezwa kwa kazi hiyo tu, kama vile vya kampuni za Garmin na TomTom, ambacho hushikizwa juu ya dashibodi. Aina ya pili ni redio ya skrini inayofungwa ndani ya dashibodi yenyewe, nyingi zikiwa zinatumia mfumo wa Android. Aina ya tatu ni simu au kishikwambi chenye programu ya ramani. Kila aina yaweza kufaa, na kila aina yaweza kumpoteza mtu, kwa kutegemea ramani iliyotiwa ndani yake.

Wananchi wengi hununua gari zilizotumika kutoka Japani, na nyingi kati ya hizo huja na skrini nzuri katikati ya dashibodi. Ieleweke kwamba ramani iliyomo humo ni ya Japani na maandishi yake ni ya Kijapani. Baadhi ya skrini hizo hudai kadi maalumu au namba za siri kila betri ya gari inapoondolewa, na mwenye gari akabaki hata bila ya redio. Mnunuzi asiongeze bei ya gari kwa sababu ya skrini ya namna hiyo. Kadhalika chombo kilichonunuliwa Ulaya au kuletwa na jamaa aliye ng'ambo mara nyingi huwa na ramani za Ulaya tu, na ramani ya Afrika huhitaji kununuliwa au kutiwa peke yake.

Ramani inayofaa kwa safari za Kasulu na Kibondo ni lazima iwe na sifa tatu.

(a) Iwe imehifadhiwa ndani ya chombo. Programu nyingi za simu huleta ramani kipande kwa kipande kupitia mtandao. Mtandao ukikatika, skrini hubaki nyeupe yenye alama ya gari katikati. Programu kama OsmAnd na Organic Maps huwezesha ramani ya nchi nzima kuhifadhiwa mapema. Google Maps nayo huruhusu eneo fulani kuhifadhiwa, ila ramani hiyo huisha muda wake isiposasishwa.

(b) Iwe na vijiji, si miji tu. Jaribio lake ni rahisi na lifanywe dukani kabla ya kulipa. Muuzaji aombwe kuzima mtandao, kisha yatafutwe majina haya: Mvugwe, Makere na Heru Ushingo kwa upande wa Kasulu, Mabamba na Kifura kwa upande wa Kibondo. Chombo kinachoonesha miji ya Kasulu na Kibondo peke yake, na mstari mmoja baina yake, hakifai kwa kazi ya vijijini, hata skrini yake ikiwa na upana wa sinia.

(c) Iwe ni ya karibuni. Mwaka 2012 Wilaya ya Kakonko ilitengwa kutoka Kibondo, na Wilaya ya Buhigwe ikatengwa kutoka Kasulu. Ramani ya kabla ya hapo huonesha Manyovu kuwa iko Kasulu, na barua au mzigo wa Serikali waweza kupelekwa katika ofisi isiyohusika. Aidha, barabara kuu ya Kabingo, Kasulu na Manyovu, yenye kilomita zipatazo 260, iliingizwa katika mradi wa kutiwa lami kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, uliogawiwa sehemu nne: Kabingo hadi Makutano ya Nduta, Nduta hadi Mvugwe, Mvugwe hadi Makutano ya Kanyani, na Kasulu hadi Manyovu. Kila barabara mpya inaponyoosha kona ya zamani, ramani ya zamani humwonesha dereva kuwa anakwenda porini, na chombo humhimiza ageuke arudi katika njia iliyokwisha kufa.

Mfano mwingine wa ramani kupitwa na wakati ni wa kambi za wakimbizi. Kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilifungwa mwaka 2012. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015. Mtendeli, wilayani Kakonko, ilifunguliwa tena mwanzoni mwa mwaka 2016 na kufungwa mwaka 2021. Ramani iliyochorwa katika miaka hiyo yaweza kuonesha mitaa, visima na zahanati mahali ambapo leo hapana mtu. Dereva mwenye mgonjwa akiongozwa kwenda katika zahanati ya namna hiyo atakuta uwanja mtupu.

Ramani ya wazi ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, hutumiwa na programu nyingi na hata na baadhi ya vyombo vya Garmin baada ya kutiwa humo. Huchorwa na watu wa kujitolea, na tangu mwaka 2015 kikundi cha Crowd2Map kimekuwa kikichora vijiji vya Tanzania kwa kushirikiana na wakaazi. Uzuri wake ni kuwa kosa laweza kusahihishwa na mkaazi yeyote anayepajua mahali. Upungufu wake ni kuwa njia nyingi zilichorwa kwa kutazama picha zilizopigwa kutoka angani. Picha ya angani huonesha kuwa njia ipo. Haioneshi kuwa ni ya baiskeli tu, wala kuwa gogo lililotandazwa mtoni halibebi gari. Kwa sababu hiyo inashauriwa chombo kitengenezwe kitafute njia ya haraka, si njia fupi. Njia fupi ya Kigoma mara nyingi ni njia ya baiskeli.

3. MAHALI PATAJWE SAWASAWA

Kosa linalogharimu zaidi halimo katika chombo, bali katika kidole cha anayekiandikia. Katika nyanda za juu za Kigoma na mikoa ya jirani majina hurudiwa na hukaribiana sana. Kambi ya Nyarugusu, iliyoanzishwa mwaka 1996, iko wilayani Kasulu. Lakini upo pia mji mdogo wa Nyarugusu wa wachimbaji dhahabu mkoani Geita, ambao uko mbali kwa zaidi ya kilomita 150. Chombo huyapanga majina hayo mawili katika orodha moja, na mwenye haraka hugusa la kwanza. Ndani ya Kasulu yenyewe ipo Heru Juu na ipo Heru Ushingo. Aliyeandikiwa "Heru" tu hajaandikiwa kitu. Kadhalika jina moja laweza kuandikwa kwa R au kwa L, na pori lile lile huandikwa Moyowosi katika ramani moja na Muyovozi katika nyingine. Jina likikosekana kwa tahajia ya kwanza, litafutwe kwa ya pili kabla ya kuamuliwa kuwa halipo.

Njia ya kuondoa shaka ni kutumia viwianishi, ambavyo wengi huviita kodineti, yaani namba mbili za latitudo na longitudo zinazotaja mahali pamoja tu duniani. Hata hivyo, namba hizo nazo zina mitego yake, na inafaa kila karani na kila dereva aijue.

Mtego wa kwanza ni upande wa dunia. Mji wa Kasulu uko kwenye digrii 4 na dakika 34 kusini ya Ikweta, na digrii 30 na dakika 6 mashariki. Ikiachwa alama ya kusini, ambayo ni herufi S au alama ya kutoa, chombo hupeleka safari Sudan Kusini, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kasulu.

Mtego wa pili ni dakika na desimali. Digrii 4 na dakika 34 si sawa na 4.34, kwa kuwa digrii moja ina dakika 60. Kwa desimali ni 4.567. Anayeandika 4.34 ameihamisha Kasulu kaskazini kwa kilomita zipatazo 25. Kwa hiyo ofisi ichague mtindo mmoja, na ulio bora ni desimali zenye tarakimu nne baada ya nukta. Tarakimu ya nne ni sawa na mita 11 hivi, na hiyo yatosha kuitofautisha zahanati na skuli iliyo jirani yake.

Mtego wa tatu huwapata wapimaji na maofisa wanaotumia ramani za karatasi. Ramani za zamani za kipimo cha 1:50,000 zilitayarishwa kwa mfumo wa Arc 1960, ambapo vyombo vya GPS hutumia mfumo wa WGS84. Namba zikichukuliwa katika karatasi na kutiwa katika chombo bila ya kubadilishwa, mahali husogea kwa kiasi cha mita 300. Aidha, wanaotumia vipimo vya mita vya UTM wakumbuke kuwa mstari wa digrii 30 mashariki hupita baina ya Kasulu na mji wa Kigoma. Kasulu na Kibondo zimo katika kanda ya 36, na mji wa Kigoma umo katika kanda ya 35. Namba isiyotajwa kanda yake haina maana.

Kwa bahati njema, Operesheni ya Anwani za Makazi iliyofanywa nchini mwaka 2022 ilizipa nyumba na barabara namba na majina, na taarifa zake zimewekwa katika mfumo wa NaPA. Wakaazi wanahimizwa kuijua anwani yao, kwani mtu anayeomba msaada usiku hana wakati wa kueleza mwembe na duka.

4. UKUBWA WA SKRINI

Skrini hupimwa kwa inchi kutoka pembe moja hadi pembe ya pili inayokabiliana nayo. Skrini ya inchi 7 ni sentimita 18 hivi. Kwa kuwa urefu na upana huongezeka pamoja, skrini ya inchi 7 ina eneo linalokaribia mara mbili ya ile ya inchi 5, na ya inchi 10 ina eneo mara mbili ya ile ya inchi 7. Ongezeko hilo lina faida ya kweli. Gari inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita mita 17 kila sekunde. Dereva anayeangalia skrini kwa sekunde 2 amekwenda mita 33 bila ya kuiona njia. Herufi kubwa na mstari mnene humpunguzia sekunde hizo, hasa dereva wa umri wa makamo ambaye husoma kwa miwani.

Hata hivyo, skrini iliyozidi kiasi huleta hatari yake. Katika kupanda na kushuka vilima vya Kasulu na Buhigwe, dereva huhitaji kuona sehemu ya chini ya kioo cha mbele, ambako hutokea baiskeli, mbuzi na watoto wanaotoka skuli. Skrini ya inchi 10 iliyobandikwa juu ya dashibodi ya gari ndogo huziba sehemu hiyo hiyo. Kwa hiyo inashauriwa kama ifuatavyo:

(a) Gari ndogo za abiria: inchi 5 hadi 6 kwa chombo cha kubandika, au kubwa zaidi ikiwa skrini imezama ndani ya dashibodi na haizibi kioo.

(b) Gari za kazi za aina ya pikapu na jipu, pamoja na gari za wagonjwa: inchi 7.

(c) Malori na mabasi, ambayo vioo vyao ni virefu na dashibodi zao ni pana: inchi 8 hadi 10.

Mwanga wa skrini una uzito kuliko ukubwa wake. Skrini kubwa isiyo na mwanga wa kutosha huwa kama kioo cha kujitazamia saa sita za mchana. Muuzaji aombwe kuitoa nje ya duka, juani, na mnunuzi aitazame akiwa amevaa miwani yake. Usiku nako skrini iweze kujipunguza mwanga yenyewe, la sivyo humpofua dereva. Kadhalika chombo kiwe na sauti ya kumwelekeza dereva, na sauti hiyo isikike madirisha yakiwa wazi katika barabara ya changarawe.

5. UMEME, VUMBI NA UFUNGAJI

Gari ndogo nyingi hutumia umeme wa volti 12, na malori na mabasi mengi hutumia volti 24. Chaja ya volti 12 ikitiwa katika lori huungua, na yaweza kuunguza chombo chenyewe. Ofisi yenye gari za aina zote mbili inunue chaja zinazokubali volti 12 hadi 24. Betri ya ndani ya chombo cha skrini kubwa huisha upesi. Chombo hicho hakitumainiwi bila ya waya wake.

Kishikizio cha mpira kinachonyonya kioo hufanya kazi vizuri katika lami. Katika barabara ya mashimo, vumbi likishaingia, huachia, na chombo huanguka miguuni mwa dereva karibu na breki. Kishikizio cha kufungwa kwa skrubu ni bora zaidi. Kwa vyovyote vile chombo kisiwekwe juu ya kifuniko cha mfuko wa hewa wa usalama, kwani mfuko huo ukifumka wakati wa ajali hukirusha chombo usoni mwa aliyekaa. Waya usipite mbele ya usukani. Redio ya skrini iliyofungwa ndani ya dashibodi huhitaji antena yake ya setilaiti iwekwe mahali panapoona anga, si nyuma ya chuma. Fundi asiyejua huiacha ndani, kisha chombo hulaumiwa kuwa kibovu.

Chombo kisiachwe juani ndani ya gari iliyofungwa, kwa kuwa joto huharibu betri na skrini. Kisiachwe pia mahali pa kuonekana gari inapolala, kwani kioo kilichovunjwa kina gharama zaidi ya chombo kilichoibwa.

6. KWA OFISI ZINAZONUNUA

Maombi ya ununuzi yanayosema "GPS yenye skrini kubwa" tu humpa muuzaji nafasi ya kuleta chochote. Inapendekezwa maombi yataje mambo yafuatayo: ramani ya Tanzania yenye vijiji, iliyohifadhiwa ndani, muda na gharama ya kusasisha ramani hiyo, uwezo wa kuingiza viwianishi kwa desimali, upokeaji wa mifumo miwili au zaidi ya setilaiti, skrini inayosomeka juani, chaja ya volti 12 hadi 24, kishikizio cha skrubu, na mafunzo kwa madereva. Ukubwa wa skrini utajwe baada ya hayo, kwa kufuata aina ya gari. Chombo cha bei ya kati kilichotimiza orodha hii ni bora kuliko cha inchi 10 kilichokosa ramani.

7. KABLA YA KUONDOKA NA BAADA YA KURUDI

Chombo hakichukui nafasi ya mwenyeji. Kabla ya kuiacha barabara kuu, dereva amuulize mwenyekiti wa kijiji, mwendesha bodaboda au muuza duka swali moja lililo wazi: je, gari ya namna hii imepita njia hii tangu mvua ya mwisho? Kuuliza kama njia ipo hakutoshi, kwa sababu jibu litakuwa ndiyo, na itakuwa ni kweli kwa mwenye miguu.

Anayekwenda Mabamba au Manyovu akague njia yote katika skrini kabla ya kuondoka, ahakikishe kuwa chombo hakikukata kupitia Burundi kwa kutafuta ufupi. Anayekwenda katika kambi ya wakimbizi ahakikishe kuwa ana kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Karatasi yenye majina ya vijiji vya njiani, umbali na namba za simu za wenyeji iwemo ndani ya gari, kwa kuwa karatasi haimaliziki betri.

Umuhimu wa mambo haya umeongezeka tangu mwaka 2022, ulipozinduliwa kitaifa mpango wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Katika mpango huo, simu hupigwa bure kwa namba 115, na pasipokuwa na gari ya wagonjwa huitwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa. Dereva huyo huitwa saa yoyote, kwenda katika kitongoji ambacho pengine hajapata kukifika. Jina moja lililokosewa au ramani moja ya zamani huweza kumgharimu saa ambazo mama hana.

Kwa hiyo inashauriwa kwamba kila dereva anayerudi kutoka safari ya kijijini atoe katika chombo viwianishi vya zahanati, skuli, ofisi ya kijiji na kivuko alichopita, na viandikwe katika daftari moja la ofisi pamoja na tarehe na hali ya njia. Kazi hiyo huchukua dakika chache na haina gharama. Baada ya mwaka mmoja ofisi itakuwa na ramani yake ambayo haiuzwi katika duka lolote, na dereva mgeni atakayetumwa usiku, awe na skrini kubwa au ndogo, ataikuta njia imekwisha kuandikwa na aliyeipita.